Gari la kiwandani na gari la kujiundia: Thamani na bima yake

KATIKA mtaa wa Milimani jijini Nakuru, kwenye mteremko unaopanda kuelekea kreta ya Menengai, si ajabu kukuta nyuma ya lango gari lisilofanana na mengine barabarani. Huenda ni Land Rover ya zamani iliyotiwa injini ya Toyota, Land Cruiser iliyorefushwa kwa ajili ya watalii, au gari la mbio lililojengwa upya juu ya bodi ya Subaru. Mwenyewe hujua kila nati iliyokazwa na kila shilingi iliyotumika.

Hata hivyo, siku gari hilo likiibwa, likiungua au likipinduka, kampuni ya bima haiulizi mwenyewe alitumia pesa ngapi. Huuliza gari lilikuwa na thamani gani kabla ya hasara kutokea, na ni hati zipi zinazothibitisha hivyo. Wengi hugundua wakati huo kwamba walikuwa wakilipia bima ya gari moja huku mkataba ukizungumzia jingine.

Tofauti kati ya gari maalumu lililotoka kiwandani na gari la kujiundia haiko katika uzuri wala nguvu zake. Iko katika ushahidi. La kwanza huja na ushahidi wake kutoka kwa mtengenezaji. La pili halina ushahidi wowote isipokuwa ule ambao mwenyewe ameukusanya.

Aina nne za magari

Ili kuepuka mkanganyiko, magari yanayohusika yanaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni magari yaliyoundwa kikamilifu kiwandani na kuletwa nchini yakiwa mazima. Hapa wamo Porsche, Land Cruiser na hata magari maalumu ya mbio yanayouzwa na watengenezaji wenyewe.

Fungu la pili ni magari yanayoletwa vipandevipande na kuunganishwa nchini katika viwanda vinavyotambuliwa, kama vile Kenya Vehicle Manufacturers mjini Thika, Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa na Isuzu East Africa jijini Nairobi. Volkswagen Polo Vivo, kwa mfano, ilianza kuunganishwa Thika mwishoni mwa mwaka 2016. Ingawa gari la namna hii liliwasili likiwa vipande, halihesabiwi kuwa la kujiundia. Linafuata ramani ya mtengenezaji, lina nambari rasmi ya chesisi, na lina mtu wa kulidhamini.

Fungu la tatu ni magari ambayo chesisi na injini zake zimetoka kiwandani, lakini bodi imejengwa na mafundi wa humu nchini. Matatu na mabasi mengi ya Kenya ni ya aina hii, na hata magari mengi ya watalii yanayoingia Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru.

Fungu la nne ndilo la magari ya kujiundia. Mwenyewe au fundi wake huyaunganisha kwa vipande vilivyonunuliwa, kuchongwa au kuvuliwa kutoka kwa magari mengine. Ndani ya fungu hili huingia pia magari ya kale yaliyojengwa upya kiasi kwamba sehemu za asili zilizobaki ni chache.

Kadiri gari linavyosogea kutoka fungu la kwanza kwenda la nne, ndivyo mzigo wa kuthibitisha thamani unavyotoka mabegani mwa kiwanda na kumwangukia mwenye gari.

Chimbuko la magari ya vipande

Biashara ya kuuza magari yakiwa vipande ilishamiri zaidi nchini Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sababu kubwa ilikuwa kodi. Gari kamili lilitozwa kodi ya ununuzi, ilhali vipande vilivyouzwa ili mnunuzi ajiunganishie mwenyewe viliepuka kodi hiyo. Lotus Seven, gari dogo lililobuniwa na Colin Chapman na kuanza kuuzwa mwaka 1957, lilijipatia umaarufu kwa njia hiyo. Kodi hiyo ilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) mnamo Aprili 1973, nafuu hiyo iliisha. Mwaka huohuo haki za kuunda Seven zilichukuliwa na kampuni ya Caterham, ambayo imeendelea kuliunda.

Uingereza ilikuja kuweka utaratibu wa kuyakagua magari ya aina hii moja moja kabla ya kuyasajili. Aidha, gari ambalo umri au asili yake haiwezi kuthibitishwa hupewa nambari ya usajili inayoanza na herufi Q. Mnunuzi na kampuni ya bima wakiiona herufi hiyo, wanajua mara moja kuwa gari hilo lina historia iliyochanganyika.

Kenya haina herufi ya namna hiyo. Gari lililojengwa upya huko Nakuru hubeba nambari sawa na ya gari jingine lolote, na tofauti yake hujulikana tu mtu akilifungua boneti na kulilinganisha na hati zake.

Mfano unaoonyesha wazi nguvu ya hati ni ule wa AC Cobra, gari la Kiingereza lililotiwa injini ya Ford na Mmarekani Carroll Shelby kuanzia mwaka 1962. Cobra ya kwanza kabisa, yenye nambari ya chesisi CSX2000, iliuzwa mnadani Marekani mnamo Agosti 2016 kwa dola milioni 13.75. Kwa upande mwingine, kuna maelfu ya nakala za Cobra zilizoundwa baadaye kwa vipande, na nyingine huenda kasi kuliko gari la asili. Bei yake huwa sehemu ndogo sana ya bei ya gari la asili. Umbo ni lilelile na ngurumo ni ileile, lakini nambari ya chesisi na kumbukumbu za kiwanda hazipo.

Thamani tatu zinazochanganywa

Mwenye gari la kujiundia huwa na takwimu tatu kichwani, na mara nyingi huzichanganya.

Ya kwanza ni gharama, yaani jumla ya pesa alizotumia kununua, kuchomelea, kupaka rangi na kulipa mafundi. Gharama ni ukweli wa matumizi, si ukweli wa soko. Injini inaweza kugharimu Sh400,000 kuipachika na bado isiongeze hata nusu ya kiasi hicho kwenye bei ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa.

Ya pili ni thamani ya forodha. Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA) ina orodha ya bei za rejareja za magari mapya inayotumiwa kukokotoa ushuru wa magari yanayoagizwa kutoka nje, ikipunguza uchakavu kulingana na umri. Orodha hiyo iliandaliwa kwa ajili ya kodi, na si kigezo cha fidia ya bima. Isitoshe, gari la kujiundia halimo ndani yake.

Ni vyema pia kukumbuka kuwa anayedhani ataikwepa forodha kwa kuagiza gari likiwa vipande anaweza kujidanganya. Kanuni za kimataifa za kuainisha bidhaa, ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki huzifuata, zinasema kuwa bidhaa iliyofunguliwa lakini yenye sura kuu ya bidhaa kamili huhesabiwa kuwa kamili. Nafuu ya viwanda vya kuunganisha magari huenda kwa viwanda vilivyoidhinishwa, si kwa mtu binafsi mwenye kontena moja.

Ya tatu ni thamani ya sokoni, yaani bei ambayo mnunuzi aliye tayari angemlipa muuzaji aliye tayari, bila yeyote kushurutishwa. Hii ndiyo inayotumiwa katika mikataba mingi ya bima ya magari nchini, na ndiyo iliyo ngumu zaidi kuipata kwa gari lisilo na mfano wake.

Ugumu huo unazidishwa na sheria za uagizaji. Kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515, magari yaliyotumika yanayoagizwa kwa kawaida hayapaswi kuzidi umri wa miaka 8, na usukani wake sharti uwe upande wa kulia. Kwa hivyo, mwenye gari la miaka ya 1960 lililoungua hawezi tu kuagiza jingine. Magari yaliyopo humu nchini ni machache, huuzwa kwa nadra, na bei zake hupitishwa kwa mdomo baina ya wapenzi wake.

Kazi ya mthamini

Kampuni ya bima inapopokea ombi la bima kamili, kwa kawaida humtuma mwenye gari kwa mthamini iliyemteua, na ripoti hutolewa katika siku za mwanzo za mkataba. Kampuni binafsi za uthamini pamoja na Chama cha Wenye Magari (AA), kilichoasisiwa mwaka 1919, hufanya kazi hiyo katika miji mikuu, Nakuru ikiwemo.

Kwa gari la kiwandani, mthamini hulinganisha. Hutazama bei za magari ya aina hiyo, mwaka huo na umbali wa mwendo huo, kisha huongeza au kupunguza kulingana na hali yake. Kazi huisha katika muda mfupi.

Kwa gari la kujiundia, hakuna la kulinganisha nalo. Mthamini mzuri hutumia njia ya pili, ile ya gharama ya kulijenga upya. Hukadiria bei ya leo ya kila sehemu kuu: chesisi, injini, gia, bodi, viti na magurudumu. Huongeza ufundi, kisha hutoa uchakavu. Mthamini asiye na muda au uzoefu huangalia tu jina lililoandikwa kwenye logbuku, yaani hati ya usajili, na kuandika bei ya gari la kawaida la jina hilo. Hapo ndipo kazi ya miaka 3 inapogeuka kuwa Land Rover ya mwaka 1978 iliyochoka.

Kwa sababu hiyo, inafaa mwenye gari afike kwa mthamini akiwa na faili: stakabadhi, picha za kila hatua ya ujenzi, hati za injini, na barua ya gereji iliyofanya kazi ikieleza ilichofanya. Ripoti nayo isomwe kabla ya kukubaliwa. Ikisema injini ni ya petroli ilhali ni ya dizeli, kosa hilo litaonekana dogo leo na kubwa siku ya fidia.

Thamani ya sokoni au ya makubaliano

Msingi wa bima ni kumrudisha mwenye mali mahali alipokuwa kabla ya hasara, bila kumtajirisha. Katika mkataba wa kawaida, kiasi kilichoandikwa ni kikomo tu. Kampuni hulipa thamani ya sokoni ya siku ya hasara, hata kama kiasi kilichoandikwa ni kikubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mtu amenunua gari kuukuu kwa Sh600,000 na kutumia Sh1.9 milioni kulijenga upya. Jumla ni Sh2.5 milioni, na hicho ndicho kiasi anachokiandika kwenye fomu. Tuseme ada ni asilimia 5, basi atalipa Sh125,000 kwa mwaka, mbali na ada ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa asilimia 0.25 kwa hazina ya kuwafidia wenye bima, na ushuru wa stempu wa Sh40.

Gari likiibwa na mthamini akasema soko lingelipa Sh1.4 milioni, fidia itakuwa hiyo Sh1.4 milioni, tena baada ya kukatwa sehemu ambayo mkataba unamtaka mwenyewe ajigharamie. Kwa thamani hiyo halisi, ada ingekuwa Sh70,000. Tofauti ya Sh55,000 kila mwaka haikumnunulia chochote.

Kinyume chake pia kina hatari. Mtu mwingine mwenye gari hilohilo anaamua kupunguza ada kwa kuandika Sh900,000. Ajali ndogo inatokea na matengenezo yanagharimu Sh280,000. Iwapo mkataba una kipengele cha uwiano, kampuni italipa kwa kadiri ya bima iliyochukuliwa: Sh900,000 zikigawanywa kwa Sh1.4 milioni, mara Sh280,000. Jibu ni Sh180,000. Sh100,000 zilizobaki zitatoka mfukoni mwa mwenye gari.

Njia ya kuepuka mitego yote miwili ni bima ya thamani ya makubaliano. Pande zote mbili hukubaliana mapema, kwa kutegemea ripoti ya mthamini, kwamba gari likipotea au kuharibika kabisa kiasi fulani ndicho kitakacholipwa. Si kampuni zote zinazotoa mkataba wa aina hii, na zile zinazotoa huweza kuweka masharti: gari lilale ndani ya ua lenye ulinzi, liwe na kifaa cha kulifuatilia, lisitumike kwa shughuli za kila siku, na lithaminiwe upya kila baada ya muda maalumu.

Neno "makubaliano" sharti lionekane katika mkataba wenyewe. Ahadi ya mdomo ya wakala wa bima, hata akiwa jirani wa miaka mingi, haiwezi kuchukua nafasi yake.

Jambo jingine la kujadiliwa mapema ni mabaki. Gharama ya matengenezo inapozidi sehemu fulani ya thamani, kampuni hutangaza kuwa gari limeharibika kabisa, hulipa fidia na kuchukua mabaki. Kwa gari la kawaida hilo halina uzito mkubwa. Kwa gari lililojengwa kwa mkono, mabaki huweza kuwa na chesisi au injini isiyopatikana tena. Mwenye gari anaweza kuomba haki ya kuyanunua mabaki kwa bei itakayopunguzwa kutoka kwenye fidia.

Logbuku na ukweli wa gari

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari kuitaarifu mamlaka ya usajili mabadiliko yanapofanya maelezo yaliyosajiliwa yasiwe ya kweli. Siku hizi jukumu hilo liko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2012. Injini ikibadilishwa, nambari yake ibadilishwe kwenye rekodi. Vivyo hivyo kwa rangi, aina ya bodi na idadi ya viti.

Mtu anayepuuza hatua hii hujiweka katika hatari mbili. Polisi wakikuta nambari ya injini isiyolingana na logbuku, shaka ya kwanza ni wizi. Kampuni ya bima ikikuta hivyo, shaka yake ya kwanza ni kwamba gari lililoharibika si lile lililowekewa bima.

Kuna hatari ya tatu kwa wanunuzi. Gari lililojengwa upya linaweza kuwa limevishwa utambulisho wa gari jingine lililokufa zamani. Kabla ya kulipa, inafaa kulinganisha nambari iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya logbuku, na kutazama kama chuma kinachozunguka nambari hiyo kimechomelewa.

Bima hujengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu. Anayeomba bima anatakiwa kueleza kila jambo ambalo lingeweza kubadilisha uamuzi wa kampuni au ada inayotoza, hata kama fomu haikuliuliza waziwazi. Injini yenye nguvu zaidi, breki zilizobadilishwa, bodi ya nyuzi za kioo mahali pa chuma: yote haya ni mambo ya kutajwa kwa maandishi. Ada huenda ikapanda, lakini mkataba utabaki imara.

Deni kwa watu wa tatu

Hasara ya gari lenyewe ina mpaka. Hasara inayoweza kumfilisi mtu ni ile ya kuumiza au kuua mtu mwingine.

Chini ya Sheria ya Bima ya Magari kwa Hatari za Watu wa Tatu, Sura ya 405, hakuna gari linaloruhusiwa barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Kampuni ya bima hulazimika kumlipa mlalamishi aliyeshinda kesi, kwa kikomo cha Sh3 milioni kwa madai ya mtu mmoja. Mahakama ikiamuru kiasi kikubwa zaidi, ziada humwangukia mwenye gari, isipokuwa kama amenunua kinga ya juu zaidi.

Sheria hiyohiyo inaipa kampuni nafasi ya kwenda mahakamani kutaka itamkwe kuwa mkataba ulipatikana kwa kuficha jambo la msingi. Mwenye gari aliyeficha kwamba chesisi yake ilikatwa na kuunganishwa upya anaweza kujikuta akikabiliana na mlalamishi peke yake, na nyumba yake ya Milimani ikiwa ndiyo mali pekee ya kukamatwa.

Magari ya watalii

Mfano ulio karibu zaidi na wakazi wa Nakuru ni Land Cruiser za watalii. Nyingi huanza maisha kama pikapu ya kiwandani. Karakana hukata na kurefusha chesisi, hujenga bodi yenye viti kadhaa, na kuweka paa linaloinuliwa ili wageni watazame flamingo na vifaru.

Gari kama hilo huweza kuwa na thamani kubwa kuliko pikapu lilikotoka, lakini iwapo tu hati zinafuata mabadiliko. Ankara ya karakana, ukaguzi wa NTSA, idadi mpya ya viti na uzito mpya vinapaswa kuwa katika rekodi. Bodi za magari ya abiria zina kiwango chake cha kitaifa, KS 372, kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Mthamini akiona karakana ilikidhi kiwango hicho, huwa na msingi wa kuijumuisha bodi katika thamani.

Logbuku ikibaki ikisema pikapu, mambo huharibika. Bima ya abiria huhesabiwa kwa viti. Abiria 7 wakijeruhiwa katika gari lililowekewa bima ya kubeba watu 2, mwenye kampuni ya utalii atakuwa na kesi kubwa kuliko biashara yake.

Magari ya mbio

Eneo hili pia ni kitovu cha mbio za magari. Safari Rally iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, njia zake zilipita Naivasha, Elementaita na Soysambu, zote katika Kaunti ya Nakuru.

Hapa tofauti ya aina mbili za magari huonekana bila kificho. Ford Fiesta Rally3, ambayo vijana wa Kenya wameiendesha katika Safari, huundwa na kampuni ya M-Sport nchini Poland ikiwa gari la mbio tangu mwanzo. Ina bei ya orodha, vipuri vyenye nambari, na hati za kimataifa za kiufundi. Subaru au Mitsubishi iliyotayarishwa katika gereji ya humu nchini inaweza kuwa na kasi ya kuridhisha, lakini thamani yake hutegemea sifa ya fundi na kitabu cha matengenezo.

Jambo moja huyaunganisha: bima ya kawaida hukataa hasara inayotokea katika mashindano, majaribio ya kasi au mazoezi yake. Gari la mbio linahitaji bima ya pekee kwa siku za mashindano, na nyingine kwa ajili ya kuhifadhiwa na kusafirishwa juu ya trela.

Hata gari lisiloshindana lina kipindi cha hatari kinachosahaulika, nacho ni wakati linapojengwa. Gari lililo vipande gerejini haliko barabarani, na bima ya nyumba kwa kawaida haigusi magari. Moto ukizuka, mwenyewe huweza kupoteza kila kitu. Bima ya moto na wizi kwa kipindi cha ujenzi inaweza kuombwa, ikiambatana na orodha ya sehemu na bei zake.

Kiwanda kinapofunga

Isidhaniwe kuwa muhuri wa kiwanda ni kinga ya milele. Mobius, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa na Mwingereza Joel Jackson kuunda magari magumu ya barabara za Afrika, ilitangaza kufungwa kwa hiari mnamo Agosti 2024 kabla ya kupata mnunuzi. Tangazo la namna hiyo huathiri thamani mara moja, kwa kuwa mnunuzi huuliza vipuri vitatoka wapi.

Historia ina mfano mwingine. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari la Kenya. Magari ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa mwaka 1990, lakini hayakuwahi kufika sokoni. Yana thamani kubwa kwa historia ya taifa, ila hakuna mthamini anayeweza kutaja bei yake kwa kulinganisha, kwani hakuna aliyewahi kununua moja.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na yaliyoelezwa, mwenye gari lisilo la kawaida anashauriwa kufuata hatua hizi.

Kwanza, aweke stakabadhi na picha tangu siku ya kwanza ya ujenzi, na nakala zihifadhiwe mbali na gari na gereji.

Pili, ahakikishe logbuku inalieleza gari lilivyo, wala si lilivyokuwa.

Tatu, atafute mthamini mwenye uzoefu wa magari ya aina hiyo, na aombe ripoti ieleze njia iliyotumika. Maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, ni mahali pazuri pa kuwafahamu wataalamu na bei.

Nne, aulize kwa maandishi iwapo mkataba ni wa thamani ya sokoni au ya makubaliano, kama una kipengele cha uwiano, na nani atabaki na mabaki.

Tano, ataje kila badiliko kabla ya kutia saini, na kila jipya linapofanywa.

Sita, ripoti ya thamani ifanywe upya mara kwa mara. Bei za vipuri hufuata thamani ya shilingi, na ripoti ya miaka 4 iliyopita haiwezi kuliokoa gari la leo.

Mzozo ukizuka, malalamishi huwasilishwa kwanza kwa kampuni, kisha kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima (IRA). Mlalamishi mwenye faili kamili husikizwa kwa urahisi zaidi kuliko mwenye hasira pekee.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gari la kiwandani huzaliwa na daftari lake. La kujiundia huandikiwa na mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, kabla ya siku ya hasara.